Watu wa Sham Walipoiacha Kahawa Yangu

Mama Rahma,

Nina miaka sabini na sita. Nimewazika kaka zangu wote, nimewazika na matajiri wa Kariakoo waliokuwa wakinicheka, na nimeyaona maduka makubwa ya nguo ya mtaa wa Guangyuan Xilu yakifungwa na kufunguliwa kwa majina mapya huku mimi bado napita na fimbo yangu. Maradhi yale yaliyotufungia ndani mji mzima yamenipita. Hata ndoa yetu nimeishi kuliko yenyewe, na nilidhani hiyo ndiyo itakayonizika. Kwa hiyo usije ukadhani mkono unaoandika hapa unatetemeka kwa uzee. Unatetemeka kwa sababu kalamu za Kichina ni nyembamba.

Barua hii nimeiandika mwenyewe. Shule unajua niliishia wapi, na herufi zangu unazijua, zimelala kama majeruhi, lakini zinasomeka. Rahma ataipiga picha tu na kuituma kwenye kundi la akina mama wa Magomeni na kundi la wafanyabiashara wa huku, kwa kuwa simu yangu umeifungia. Acha wasome wote. Sina cha kuficha. Tena wapo ambao kila wakifika Guangzhou hunipigia wakiuliza wale wapi, basi nao watapata faida yao humu ndani.

Jambo lenyewe ni hili. Umemwambia Rahma huji. Umesema baba yake amewafukuza wakwe nyumbani kama wezi wa kuku, na kwamba kama hao watu wa Sham, Waarabu wa Siria, wamerudi, wamerudi kwa kumwonea huruma binti, na wewe huwezi kupanda ndege kwenda kukaa kwenye ndoa ya huruma. Siku ya ndoa mpaka leo haijapangwa. Inakusubiri wewe. Sasa mimi nakueleza habari kamili, maana uliyopata ni nusu, na nusu hiyo imepelekwa na Athumani wa kago, ambaye mdomo wake hufika Dar kabla ya kontena lake.

Nianzie mbali kidogo, na wewe ukumbuke.

Ulipokuja huku mara ile, Rahma alikuwa shule ya msingi, ukamwacha kwa dada yako ukaja kununua mapazia. Tulipanga hoteli ya rahisi Xiaobei, chumba ambacho ukifungua sanduku lazima mmoja wetu apande kitandani. Mchana kutwa unazunguka Guangyuan Xilu, wachukuzi wanakuja na marobota mgongoni wanapiga kelele upishe, na wewe unawajibu kwa Kiswahili, "Nipishe wewe, mimi ndiye mteja." Jioni miguu imevimba. Mkate umekuchosha, ndizi zimekuchosha, na kila sufuria uliyochungulia njiani uliikimbia kwa kuogopa nguruwe. Ukakaa ukingoni mwa kitanda, ukanitazama, ukasema, "Baba Rahma, nipeleke mahali nikale bila kuuliza maswali."

Nani alipajua? Mimi. Na niandike hapa ijulikane, maana siku hizi kuna vijana wanajitapa. Mswahili wa kwanza kukaa kwenye meza za Abu Nabil ni mimi. Wakati ule alikuwa na meza chache na jiko moja linalovuja moshi, na mimi ndiye niliyemwambia atoboe ukuta. Akatoboa.

Anayetaka kufika afanye hivi. Ukitoka kwenye treni ya chini ya ardhi, kituo cha Xiaobei, usimfuate mtu yeyote anayekuonyesha picha za chakula kwenye karatasi. Pita chini ya daraja la magari, shika upande wa maduka ya masanduku ya safari, ingia kichochoro ambacho Mchina Mwislamu anakata nyama ya kondoo mlangoni, kisha panda ngazi. Kibao cha Kiswahili hakuna. Fuata harufu ya kitunguu saumu na makaa. Ukimkuta mzee mwenye masharubu meupe anagombana na mpira kwenye televisheni, huyo ndiye. Sema umetumwa na Mzee Salehe.

Wewe ulipanda ngazi zile umenishika bega. Zikaja sahani ndogondogo, zikajaza meza, na wewe ukaninong'oneza, "Watoto wake wote wanakula na sisi?" Nikakwambia tulia, hivi ndivyo wanavyoanza. Kulikuwa na humusi, dengu zilizosagwa na ufuta mpaka zikawa laini kama malai, na mafuta ya zeituni juu yake. Kulikuwa na mutabali, biringanya iliyounguzwa kwenye moto wenyewe mpaka ganda likawa mkaa, na nyama yake ya ndani ikabeba moshi wote ule. Ukachukua falafeli, ukaivunja, ukaiona ndani kijani, ukairudisha. "Baba Rahma, bajia zimeota kuvu." Nikakwambia hayo ni majani mabichi wanayosagia humo. Hukuamini mpaka nilipokula mbili mbele yako na sikuanguka.

Halafu ikaja kibe mbichi. Nyama ya kondoo iliyotwangwa na ngano, imesambazwa sahanini kama saruji iliyopigwa mwiko, vitobo vya kidole vimejazwa mafuta. Kwa watu wa Halab, mji wa kwao huko Sham, hiyo ni heshima, humwekei mgeni yeyote tu. Wewe ulifanya nini? Uliinyanyua sahani nzima, ukavaa viatu vyako, ukaenda nayo moja kwa moja kwenye makaa, ukamwambia kijana wa mishikaki kwa Kiswahili safi kabisa, "Mwanangu, mmesahau kuipika hii."

Abu Nabil alishika kichwa kwa mikono miwili. Mimi nikajifanya sikujui. Lakini mke wake, Um Nabil, alitoka jikoni na unga mpaka kwenye nyusi, akakutazama, akatazama sahani, akaanza kucheka akiwa ameegemea mlango. Akaichukua nyama, akaifinyanga vidonge, akaibanika. Ukala, ukasema, "Sasa hii ni kababu." Nyusi zake zikapanda kama ameelewa.

Ndipo akakuletea bakuli lile la kijani.

Sijausahau uso wako mpaka leo. Ulichovya kijiko, ukakiinua, kikavuta uzi mrefu, ukasema polepole, "Huu ni mlenda." Wao wanauita mlukhiya. Wanauunga kwa kitunguu saumu na giligilani ya kukaanga, unaelea kwenye supu ya kuku, pembeni wali na ndimu. Lakini ni mlenda, jamaa zangu, hakuna namna nyingine. Mama yako alikuwa Mrangi wa Kondoa, mlenda ulikuwa chakula chenu cha kila siku, na dada zangu pale Magomeni walikuwa wakiukunjia pua, wakisema hayo ni majani ya watu wa bara. Na hapa, kwenye mji wa Wachina, mwanamke wa Kiarabu anauleta kwa mikono miwili kama kitu cha harusi. Ulisukuma kijiko pembeni, ukanawa, ukala kwa mkono. Hukuacha mpaka bakuli likawa jeupe.

Kisha ukaingia jikoni kwao. Hakuna aliyekuita. Nilikusikia tu unasema, "Karanga, mama, karanga. Unatwanga hivi." Um Nabil anajibu kwa Kiarabu, wewe unajibu kwa Kiswahili, na kinu kinalia. Mlivyotoka mlikuwa mnashikana mikono kama watu waliosoma pamoja. Nataka ujue kwamba tangu siku ile, kila Ijumaa jikoni kwake kuna sufuria mbili za mlukhiya, kubwa ya kwao na ndogo yenye karanga. Abu Nabil husema hiyo ndogo ni aibu kwa mama yake mzazi. Lakini Wabongo, Wakenya, hata Wakongo, wanamaliza hiyo kwanza.

Yaliyotokea baadaye kati yako na mimi, yametokea. Wewe ulitaka nyumbani, mimi nilitaka kontena moja zaidi, halafu moja zaidi. Tuliachana bila kutukanana na hilo najivunia. Rahma alipokua akaja kunisaidia, na leo ndiye anayeendesha kazi, mimi napokea wageni na kutoa ushauri hata kama hawakuuliza. Nabil, mtoto wao, naye akakua. Alikuwa na kontena la masufuria limekwama bandarini Huangpu kwa makaratasi, mawakala wanamzungusha. Rahma akaenda kulikomboa, akamgombeza njia nzima ya kurudi kwa uzembe wake. Kijana akarudi wiki iliyofuata na kontena lingine ambalo halikuwa limekwama hata kidogo. Hapo nikajua.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo Athumani alipoikata habari nusu.

Walileta taarifa kwamba wazee wanakuja kwangu kuposa. Nikajiandaa. Unajua kabla ya China, kabla ya yote, mimi nilikuwa muuza kahawa. Nilitembea Kariakoo na dele la shaba na vikombe vinagongana mkononi, na wazee wa mpira walikuwa hawaanzi ubishi mpaka nifike. Kahawa yangu si ya kutania. Siku ile nilikaanga buni za Bukoba mwenyewe, nikatwanga mwenyewe, nikatia tangawizi na iliki, na halua ya Unguja nikaipanga kwenye sinia. Athumani akaja kukaa upande wangu, kwa kuwa sina ndugu hapa. Rahma akabaki chumba cha ndani kama inavyotakiwa.

Akaja Abu Nabil na suti, akaja mjomba wa kijana aliyetoka mji mwingine na wazee wengine wawili wa kwao, na Nabil mwenyewe nyuma amebeba maua. Nikawakalisha. Nikawamiminia, mmoja mmoja, kwa heshima zote. Abu Nabil akapokea kikombe, akakiweka chini mbele yake. Wenzake wote wakaweka vyao chini. Wakakunja mikono.

Nikasubiri. Nikasogeza halua. Halua nayo hawakuigusa. Mjomba akakohoa, akaanza hotuba ya Kiarabu, ndefu, naisikia bismillahi na salamu za Mtume, mengine yote yananipita. Mimi macho yangu yako kwenye vikombe. Moshi ulikuwa unatoka, ukapungua, ukaisha. Kahawa yangu, Mama Rahma. Inapoa. Nyumbani kwangu.

Nikamtazama Athumani. Athumani akanitazama. Akaninong'oneza, "Mzee wangu, hawa wanatuogopa uchawi au?" Wewe unajua kwetu mgeni asiyeonja anasema nini bila kusema. Huyo anasema nyumba yako ni chafu au moyo wako ni mchafu. Nabil akaona uso wangu, akaanza, "Baba, subiri kidogo, baba." Nikamwambia, "Kijana, wakubwa wanaongea." Na hapo hakuna mkubwa aliyekuwa anaongea tena, mjomba alikuwa amenyamaza mdomo wazi.

Nikasimama. Nikakusanya vikombe kimoja kimoja, nikaenda navyo kwenye beseni la jikoni, nikamwaga mbele ya macho yao. Nikasema kwa Kichina changu cha sokoni wote waelewe, "Meiyou. Hakuna. Hakuna kahawa, hakuna msichana, mlango ule pale."

Walishuka ngazi. Wale akina mama Wachina wa ghorofa ya chini walitoa vichwa madirishani. Nabil alisahau maua yake kwenye kochi.

Rahma akatoka ndani. Hakupiga kelele, na unajua akinyamaza ni mbaya zaidi, hilo amelichukua kwako. Akasema, "Baba, kwao mtu mwenye haja hanywi kahawa ya mwenye nyumba mpaka haja yake ikubaliwe. Anaiweka chini. Wewe ulitakiwa useme, kunyweni, mmepata mlichokuja kuchukua. Basi. Maneno hayo tu." Akaingia chumbani. Athumani akasema, "Lakini hata mimi ningekasirika, mzee wangu." Kisha akaondoka kwenda kuwapigia simu ninyi nyote.

Hiyo ndiyo nusu uliyoipata. Na mimi nasema, mbele ya kundi lote, kwamba mtu aliyekaanga buni kwa mkono wake alikuwa na haki ya kukasirika. Wangeniambia mapema. Unakwenda nyumba ya watu na desturi yako mfukoni kama kisu, hutoi tahadhari?

Siku zikapita. Rahma anakwenda bandarini, anarudi, ananipa chakula, anakwenda kulala. Simu yake ikilia anaitazama tu, anaigeuza uso chini. Nikaanza kula nje nisimwone anavyokonda. Nilijaribu kwingine, na mnaokuja mpate faida: kuna mkahawa wa taa za rangi karibu na hoteli kubwa, humusi yao inatoka kwenye kopo, msiende. Kuna Mchina Mwislamu anayevuta tambi kwa mkono, huyo ni mtu, nendeni, ila si Sham. Kuna tanuri dogo asubuhi linalotoa mkate wa zaatari, majani makavu na ufuta na mafuta, ule ukiwa moto uwanjani pale penye wazee wanaocheza karata. Lakini yote hayo nilikuwa nakula nimesimama. Nilikuwa sina mahali pa kukaa.

Ijumaa ikafika. Baada ya swala nikapanda ngazi za Abu Nabil. Sikwenda kuomba radhi. Nilikwenda kula.

Nikakaa meza yangu ya mlangoni. Mkahawa wote ukapunguza sauti. Abu Nabil nyuma ya kaunta akanitazama, akarudi kutazama televisheni ambayo ilikuwa imezimwa. Nabil akaja, akapangusa meza iliyokuwa safi. Sikuagiza. Lakini mtu wa Sham hata akiwa na hasira nawe hawezi kukuacha ukae kwenye meza tupu, na hilo nilikuwa nalijua, sikwenda kijinga. Ikaja humusi. Ikaja fatushi, kachumbari yao yenye vipande vya mkate mkavu na ule unga mwekundu mchachu unaokufanya ufumbe jicho. Kisha Um Nabil mwenyewe akatoka na sufuria ya makluba. Huo ni wali wa kupindua, wageni mnaokuja msiukose: chini wanapanga biringanya na koliflawa za kukaanga na nyama, juu wanamimina mchele, vinapikwa pamoja, halafu mezani wanafunika sinia na kupindua sufuria nzima. Wanapiga kitako chake, wanasubiri, wanainua. Ukisimama bila kubomoka, mpishi amefaulu.

Akapindua mbele yangu. Akapiga mara kadhaa, kwa nguvu kuliko inavyohitajika, akinitazama mimi na siyo sufuria. Akainua. Ulisimama kama nyumba. Akarudi jikoni bila salamu.

Nikala. Nilikula vizuri, sitadanganya, nilikuwa na njaa. Nilipomaliza Nabil akaleta kahawa. Ya kwao ni chungu, nyeusi, na iliki peke yake. Nikaipokea. Nikaiweka chini mbele yangu, kwa mbali, kila mtu aone. Nikakunja mikono.

Watu wa meza za jirani wakageuza viti kutazama.

Abu Nabil akajidai hajaona. Mwishowe akaja akasimama juu yangu. Tunaongea Kichina cha sokoni na Kiarabu cha Kurani na vidole, lakini siku ile tulielewana kila neno.

"Haji, inapoa."

"Iache ipoe."

"Unataka nini?"

"Nataka mje kwangu mniombe upya."

Akavuta kiti akakaa. Akapapasa masharubu. "Uliimwaga mbele ya mjomba wa mtoto. Kwetu kumwaga ni mara mbili ya kukataa."

"Na kwetu kuiacha ni mara mbili ya kutukana. Tumelipana."

Um Nabil akachungulia kwenye kidirisha cha jikoni akasema maneno marefu. Watu wakacheka. Nikamuuliza Nabil amesema nini, akaniambia, "Mama anasema karibu sana, baba." Baadaye Rahma, aliyesimuliwa na Nabil, akanipa tafsiri kamili: mwambieni anywe huyo mzee, anaomba radhi kama punda anayeingia zizini kinyumenyume. Simlaumu. Ni mwanamke mkweli, kama mwingine ninayemfahamu.

Abu Nabil akanitazama sana. Akasema, "Na hiyo tangawizi yako, lazima?"

"Lazima."

"Basi kunywa, Haji. Umepata."

Nikainywa. Ilikuwa imepoa kabisa na ilikuwa mbaya, na nikamaliza mpaka machicha.

Sasa hapo kuna huruma wapi? Nionyeshe. Hawakurudi kwa kumwonea mtu huruma. Walirudi kwa sababu niliwadai kwa desturi yao wenyewe, juu ya meza yao wenyewe, mbele ya wateja wao. Mtu mwingine angetuma wazee, angetuma zawadi. Mimi nilikwenda na fimbo yangu.

Wakaja tena. Suti zilezile, mjomba yuleyule, na safari hii Um Nabil pia. Nikamimina. Wakaweka chini. Kabla mjomba hajafungua mdomo nikasema, "Kunyweni, mmepata." Basi mjomba akakasirika. Alikuwa ameitunza hotuba yake tangu mara ya kwanza na hakukubali ipotee, akaitoa yote, na kwa heshima ikabidi sote tukae na vikombe mkononi tukimsikiliza, kahawa ikapoa tena. Abu Nabil aliponusa tangawizi akafumba macho, akanywa kama dawa. Kikombe cha pili aliomba mwenyewe. Rahma akaitwa, akatoka na buibui jipya, na Um Nabil akamvisha kitu cha dhahabu shingoni huku analia na kucheka. Kisha akauliza, kwa Kiarabu, na Nabil akatafsiri, "Mama yake wa mlukhiya atakuja lini?"

Abu Nabil alitaka ndoa ifungwe Ijumaa ileile, kwa kuwa jamaa zake walikuwa wanaondoka. Akaambiwa hapana. Mama wa msichana hajafika.

Na hapo ndipo tulipo mpaka leo. Mimi sina shida. Nakula vizuri, nalala vizuri, goti moja tu ndilo linanisumbua mvua ikija. Alasiri nakwenda kukaa na Abu Nabil, tunagombana kuhusu mpira, na amenunua dele dogo ambalo hajui kulitumia, nimemfundisha. Wakati mwingine wakileta lile bakuli la kijani kwenye meza ya mtu mwingine nageuka kutazama ni nani anayekula kwa mkono. Sijui kwa nini nageuka. Najua uko Magomeni.

Nilifikiri siku nyingi nikwambie nini kuhusu sisi wawili, nikaona hiyo siyo kazi ya barua hii. Lakini ile siku ulipoibeba sahani ya kibe kwenda kwenye makaa, nilikwambia baadaye hotelini kwamba umeniaibisha. Wewe ukajibu, "Aibu ni kula kitu hukitaki ili watu wakusifu." Ukalala usingizi. Mimi nilikaa macho nikitazama ile miguu yako iliyovimba, nikafurahi. Sikukwambia. Nakwambia sasa, na kundi zima linasoma, wacha lisome.

Kuhusu kuja kwako. Utalala kwa Rahma, kitanda ni chako. Mimi nitahamia kwa Athumani, hutanikuta ngazini. Ukitaka nisikae chumba kimoja na wewe siku ya ndoa, wanawake wana upande wao, na mimi nitakuwa jikoni kwa Um Nabil nakaanga buni. Nitatoka mara moja tu kumwozesha binti yangu, kisha narudi. Um Nabil anapika makluba, kibe itabanikwa yote, wameshakubali, na tambi zao tamu za jibini zile ulizoziita godoro lenye sukari zitakuwepo. Mlenda Um Nabil hajamkabidhi mtu, anakungoja wewe. Njoo na karanga za nyumbani, za huku hazina harufu. Miguu ikivimba hakuna wa kukukimbiza Guangyuan Xilu safari hii.

Kaa salama, mama wa mtoto wangu. Uwasalimie dada zangu ukiwaona, na uwaambie nilichokiandika kuhusu majani ya bara.

Kama unadhani nimeongeza chumvi, mashahidi wapo. Athumani alikuwepo mara ya kwanza na mara ya pili, muulize nusu aliyoiacha. Muulize Abu Nabil, ingawa atadai kwamba kuhusu tangawizi ndiye aliyeshinda. Waulize wale akina mama Wachina wa chini, waliona watu wakishuka na wakaona watu wakipanda. Na shahidi mkubwa ni Rahma. Yeye muulize jambo moja tu: siku ile Abu Nabil alipotaka ndoa ifungwe Ijumaa ileile, na kila mtu mle ndani alikuwa ameshakubali, hata yeye Rahma, ni nani aliyesema hapana, mama wa msichana hajafika. Atakutajia jina.

Baba Rahma